Mkaa unanimaliza: kati ya vitu vya kujitengenezea nyumbani, nianze na kipi?

mama_wawili_kgb

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za saa hizi.

Naishi Kigamboni, vyumba viwili vya kupanga, uani tuko wapangaji wanne. Mume wangu anaendesha bodaboda. Mimi nilikuwa na genge la matunda, ila tangu nijifungue mtoto wa pili nimelisimamisha. Mwezi uliopita nilifungua daftari nikaandika kila shilingi iliyotoka mkononi mwangu, na nilipojumlisha nilikaa kimya muda mrefu. Mkaa makopo mawili kwa siku, kopo 2,000. Siku ya maharage yanakuwa makopo matatu, ndiyo maana maharage napika mara moja tu kwa wiki ingawa watoto wanayapenda. Jumla ya mkaa kwa siku 30: 128,000. Sabuni 14,000, kwa sababu maji ya kisima chetu yana chumvi na mche hautoi povu, unaganda kwenye nguo kama maziwa yaliyokatika. Mboga za majani 30,000. Nyanya natupa karibu nusu, zinaoza kabla sijazimaliza, friji sina.

Nimesoma mengi kuhusu sabuni ya kutengeneza mwenyewe, mafuta ya nazi, bustani ya gunia, mitungi ya kupozea mboga, kusafisha maji kwa mbegu za mlonge. Vyote vinavutia. Lakini nina 40,000 ya kuanzia na sitaki kuipoteza. Naomba anijibu mtu aliyefanya kwa mikono yake: kipi kwanza, na kipi niachane nacho?

kijana_wa_kazi

Dada anza na sabuni. Kostiki soda ipo madukani, unachanganya na mafuta yaliyobaki ya kukaangia chipsi, unakoroga, unamwaga kwenye boksi. Inayozidi unauza mtaani. Halafu weka jokofu la mitungi miwili, ni rahisi sana.

mshonaji_ngamiani

Marahaba mwanangu, na hongera ya mtoto.

Mimi ni mshonaji, nipo Ngamiani hapa Tanga, cherehani yangu iko barazani mwaka wa 19 huu. Asili yetu ni Pangani, kwenye minazi. Vitu ulivyovitaja nimevifanya karibu vyote. Vingine vimenifaa mpaka leo, vingine nimeviacha, kwa hiyo nitakujibu kwa kufuata daftari lako.

Mkaa 128,000, sabuni 14,000. Ukitengeneza sabuni nzuri kuliko zote Kigamboni, ukaipata bure kabisa, umeokoa 14,000. Ukipunguza mkaa kwa theluthi moja tu umeokoa zaidi ya 42,000. Anza pale pesa inapoungulia, yaani jikoni. Watu wengi wanaanza na sabuni kwa sababu inapendeza ikikatwa vipande, na mimi nilianza nayo hiyo hiyo, nikakaa miaka miwili nikitengeneza sabuni huku gunia la mkaa likiisha kila baada ya siku 24.

Tengeneza kapu la kupikia. Wengine wanaliita kikapu cha joto. Fikiria maharage yanavyoiva: yanachotaka ni kukaa ndani ya maji ya moto kwa muda mrefu, si moto wenyewe. Sufuria ikishachemka, mkaa wote unaoongeza baada ya hapo unaziba tu pengo la joto linalopotea hewani kupitia mfuniko na ubavu wa sufuria. Kapu linalizuia lile joto lisitoke. Mama yangu alikuwa akifukia chungu cha kunde kwenye majivu ya moto usiku, asubuhi zimeiva. Wazo ni lile lile.

Langu nimelitengeneza hivi. Nilinunua kapu la ukindu la mdomo mpana, refu kuliko sufuria yangu kwa kama shibiri moja. Nikashona mto wa duara wa kukalia sufuria, mto mrefu wa kuizungushia kama mshipi, na mto wa tatu mnene wa kufunika juu. Ndani nimejaza sufi niliyoitoa kwenye mito mikuukuu ya mama. Sufi ndiyo bora kuliko vyote nilivyojaribu, ni nyepesi na inashika hewa. Kama huna, vipande vya nguo chakavu vinafaa, hasa vya sweta na blanketi. Nenda kwa fundi yeyote wa nguo jirani yako umwombe vipande vya kutupa, hatakunyima, sisi tunavifagia kila jioni. Unene wa mto usipungue upana wa kiganja changu pande zote. Ukibaki uwazi mahali, joto litapitia hapo hapo, kwa hiyo mto wa juu uubane uingie ndani ya mdomo wa kapu. Usiuweke juu juu.

Matumizi yake, kwa maharage nusu kilo:

Usiku saa 2 nayaloweka. Asubuhi namwaga maji yale, naweka mapya yanayofunika maharage vidole vitatu, nabandika. Yakianza kuchemka sawasawa nahesabu dakika 20 kwa kutazama saa, si kwa kukisia. Usizipunguze dakika hizo hata kidogo. Maharage mabichi, mekundu hasa, yana sumu yake inayotapisha na kuharisha, na kinachoiua ni mchemko wenyewe. Joto la wastani la kapu haliwezi kuiua. Dakika tano za mwisho sifunui, ili mvuke ujae ndani. Naipua, naiweka sufuria juu ya jiwe, napangusa kitako chake kwa kitambaa cha maji kuhakikisha hakuna kaa lililonata, maana sufi ikishika moto haina mchezo. Kisha kapuni. Saa 6 mchana nafungua na mvuke unanipiga usoni, maharage yameiva yote sawa, hakuna lililopasuka wala lililobaki gumu. Hapo ndipo nakaanga kitunguu na nyanya, natia tui, nachemsha dakika chache, tunakula.

Sufuria ijae walau theluthi mbili. Chakula kidogo kwenye sufuria kubwa kinapoa haraka. Na ukifungua ukakuta ni vuguvugu, kichemshe upya mpaka kitokote kabla mtoto hajakigusa. Usikilaze kapuni usiku kucha ukakila asubuhi bila kukichemsha, chakula cha vuguvugu ndiyo nyumba ya vidudu.

Wali: ukikaribia kukauka, pale zamani tulipokuwa tukiupalia makaa juu ya mfuniko, uweke kapuni dakika 40. Hauungui chini. Nyama ya vipande vidogo, ichemshe nusu saa kisha kapuni kwa muda wa saa nne. Makande ni magumu kidogo, mahindi yanataka kulowekwa usiku kucha na kuchemshwa dakika 40, na pengine utalazimika kurudisha sufuria motoni mara moja katikati. Ugali na chapati kapu halikusaidii.

Gunia langu la mkaa sasa linavuka siku 40. Wala sijali kusema kwamba maharage tunakula mara nne kwa wiki kwa sababu tu hayanitishi tena.

La pili, na hili halikugharimu chochote: chenga. Muuza mkaa wako ana vumbi na chenga chini ya gunia, anazimwaga au anaziuza kwa bei ya chini sana. Chukua ndoo nne za vumbi la mkaa kwa ndoo moja ya udongo wa kichuguu, ponda, chekecha, tia maji kidogo kidogo mpaka ukibonyeza donge mkononi linashikamana bila kutoa maji. Finyanga madonge ya ukubwa wa limau, yaanike juani siku nne au tano, yageuze. Usizidishe udongo, ukizidi utapata majivu mengi na joto dogo. Hayawaki haraka, kwa hiyo washa mkaa wa kawaida kidogo kwanza, kisha yapange juu. Yanakaa. Kwa kuchemsha maji ya kuoga mtoto na kukaanga dagaa taratibu yanafaa sana. Lakini jiko lolote la mkaa, la madonge au la kawaida, usiliingize chumbani milango imefungwa, hata mvua ikinyesha. Hewa yake ya sumu haina harufu na imeua familia nzima zikiwa zimelala.

Sasa sabuni. Kijana amesema kwa nia njema, ila ushauri ule wa mafuta ya chipsi na kukoroga kwa kukisia naomba usiufuate. Kila mafuta yana kipimo chake cha kostiki. Gramu 500 za mafuta ya nazi zinataka kostiki gramu 87 hivi. Gramu 500 za mafuta ya alizeti zinataka kama 64 tu. Ukitumia kipimo cha nazi kwenye alizeti, ile kostiki iliyozidi inabaki ndani ya sabuni, na itachubua mikono yako na ngozi ya mtoto kwenye nguo. Bila mizani ya jikoni inayosoma gramu usianze kabisa.

Mara yangu ya kwanza nilichanganya kostiki na maji kwenye sufuria ya aluminiamu. Ilichemka yenyewe bila moto, ikatoa povu na moshi wa kukaba koo, na sufuria ilitoboka. Mwanangu wa mwisho alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale. Mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka. Kostiki inataka ndoo ya plastiki nene au chombo cha chuma kisichoshika kutu, inataka nje penye upepo, glavu, macho yaliyokingwa, na watoto wawe kwa jirani. Kostiki ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe maji yasimiminwe kwenye kostiki. Ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka robo saa nzima au zaidi, usipake kitu kingine.

Kwa wanaotaka kujua yangu: mafuta ya nazi gramu 500, kostiki 87, maji 200. Maji ya kostiki yakishapoa namimina kwenye mafuta, nakoroga kwa mwiko wa mti mpaka iwe kama uji mzito unaoacha alama ukiudondosha. Namwaga kwenye boksi za maziwa. Sabuni ya nazi inakauka upesi, nikiiacha hadi kesho yake inavunjika vipande nikiikata, kwa hiyo jioni ile ile inakatwa. Kisha inakaa kwenye ukumbi penye hewa wiki nne kabla ya kutumika.

Uzuri wake kwako ni mmoja mkubwa: sabuni ya nazi inatoa povu hata kwenye maji ya chumvi. Mabaharia walikuwa wakiogea maji ya bahari kwa sabuni ya aina hiyo. Lakini fanya hesabu. Nazi kumi nikizikuna, nikakamua tui kwenye kifumbu, nikaliacha likae usiku kucha nikachota utando wa juu na kuuchemsha mpaka mafuta yajitenge, napata nusu lita na vidole viwili juu. Hiyo ni sabuni ya kama gramu 700. Mimi nazi natoa kwa mama Pangani, zile ndogo ambazo wachuuzi wanaziacha. Wewe utanunua kila nazi kwa bei ya Kigamboni, na sabuni yako itakuwa ghali kuliko mche wa dukani. Kwa hiyo kwako, kwa sasa, sabuni hapana.

Dawa ya mche wako kutotoa povu ni maji ya mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Kama upande wa bati juu ya vyumba vyako ni mita tano kwa nne, mvua ya milimita 10, ambayo ni mvua ya kawaida tu, inakupa lita 200, pipa zima. Mwombe mwenye nyumba ufunge mfereji wa bati kipande kimoja na ndoo au pipa chini yake. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe vumbi na kinyesi cha ndege. Ukifulia maji hayo utaona povu hata kwa kipande cha sabuni kilichobaki. Pipa lifunike kwa chandarua chakavu kilichobanwa kwa mpira, usisahau: mbu wa homa ya denge anazaa kwenye maji safi yaliyotulia, na Dar imeshaona denge mwaka 2014 na tena 2019.

Na kitu kidogo ninachokipenda: dodoki. Sokoni tafuta dodoki zima lililokauka ambalo halijasafishwa, likung'ute, mbegu ziko ndani. Panda mbili kwenye ukuta wa uani, zitapanda zenyewe. Likikauka kwenye mti linamenywa kwa maji. Mimi sijanunua cha kusugulia wala masufuria wala mgongo mwaka wa sita huu.

mama_wawili_kgb

Mama, Mungu akulipe. Nimesoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na daftari. Mwenye nyumba nimemwuliza kuhusu mfereji, amesema niweke, ila nikihama niuache, nimekubali.

Maswali mawili. Sufi huku sijaipata, je boksi gumu la mbao na blanketi linafaa badala ya kapu? Na maji yetu haya ya kisima, mlonge utayafanya yanyweke?

afya_mtaani

Nijibu la maji, mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii na swali hili naulizwa kila wiki.

Mlonge hautoi chumvi. Jua halitoi chumvi. Hata ukiyachemsha, chumvi inabaki ile ile. Kazi ya mbegu ya mlonge ni kuyafanya maji ya tope yatulie: unamenya mbegu, unaponda punje kuwa unga, kama mbegu moja kwa lita, unakoroga kwa nguvu dakika moja, kisha polepole dakika chache, unayaacha saa moja au mbili, uchafu unashuka chini. Inafaa sana kwa maji ya mto au bwawa. Lakini vijidudu havijaisha, bado utachemsha au utayaweka juani: chupa safi ya plastiki angavu isiyozidi lita mbili, ilazwe juu ya bati saa sita za jua kali, na kama kuna mawingu siku mbili mfululizo. Maji yawe angavu, yakiwa na ukungu jua halipenyi.

Kwa kisima cha chumvi, fulia na deki kwa maji hayo, ya kunywa tafuta kwingine au kinga ya mvua uyachemshe. Kapu la mama hapo juu lisitumike kama mbadala wa kuchemsha maji ya mtoto, yachemshe mpaka yatokote kabisa.

mkavu_wa_dodoma

Mitungi miwili ninayo, na ninaitetea, ila huku Dodoma. Mtungi mdogo ndani ya mkubwa, yote ya udongo usiopakwa rangi wala kung'arishwa, katikati mchanga wa kama vidole viwili, mchanga unamwagiwa maji asubuhi na jioni, juu kitambaa kibichi. Maji yanapokauka kupitia ngozi ya mtungi yanaondoka na joto. Nyanya zangu zinavuka wiki mbili, mchicha siku nne.

Sasa dada, inafanya kazi kwa sababu hewa ya huku ni kavu. Nilimpelekea dada yangu Temeke mitungi ile ile, nikaifunga mwenyewe kivulini penye upepo. Mchanga ulikaa kibichi siku tatu bila kukauka, nyanya zikaota ukungu. Hewa ya pwani imeshajaa unyevu, maji hayana pa kwenda. Usitoe hela yako kwa mitungi Kigamboni. Nyanya nunua ambazo hazijaiva kabisa, zipange kwenye ungo zisigusane, kikonyo chini, na ile inayoiva kwanza iliwe kwanza.

shamba_la_gunia_kisauni

Dadangu, salamu kutoka Mombasa. Pole kwa gharama, huku kwetu makaa nayo hayashikiki.

Mboga 30,000 kwa mwezi ndiyo ya pili kwenye daftari lako baada ya mkaa, na hakuna aliyeigusa. Mimi nalima magunia matano kwenye kiwanja cha nyuma kisichotosha kuegesha gari. Chukua gunia moja la kilo 90. Mkebe wa maziwa ya unga, utoe kitako, usimamishe katikati ya gunia, ujaze kokoto, kando yake jaza udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyooza, ndoo tatu kwa moja. Vuta mkebe juu, jaza tena kokoto, tena udongo, hadi ufike juu. Ule mnara wa mawe katikati ndio unaoyafikisha maji chini, bila huo juu kunaoza na chini kunakauka. Ubavuni toboa matobo kila shibiri, kwa kupishanisha.

Usianze na sukuma wiki, joto la pwani linaitesa na wadudu wanaipenda. Anza na matembele, unachomeka tu vipande vya shina matoboni, na juu nyunyiza mchicha na kunde. Mchicha utauchuma kuanzia wiki ya nne. Usimwagilie maji ya chumvi, ncha za majani zitaungua na udongo utaharibika. Mwagilia maji ya kuoshea mchele na ya kusuuzia vyombo yasiyo na sabuni nyingi.

Wakija vidukari, huku tuna mkilifi, nyinyi mnauita mwarobaini. Ponda punje za mbegu gramu 50 kwa lita moja ya maji, zilale usiku, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo sana ili dawa inate kwenye jani, nyunyiza jioni. Jua kali linaiua dawa hiyo, ukinyunyiza asubuhi umepoteza. Mboga zioshwe vizuri kabla ya kupikwa.

mshonaji_ngamiani

Boksi la mbao linafaa sana, wala si pungufu. Chini na pembeni zipange nguo zilizokunjwa kwa kubana, blanketi liwe la juu. Lianike kila wiki, mvuke ukibaki ndani litanuka.

Ndugu wa Dodoma amenifungulia jambo. Mitungi yangu nimeiacha miaka mitano iliyopita nikidhani niliifunga vibaya.

Ndugu wa Kisauni, kwa matembele nakuunga mkono kabisa. Mwanangu, usinunue mbegu wala miche, ukipita mahali yanapouzwa omba mashina yaliyobaki.

mama_wawili_kgb

Shikamooni tena. Ni wiki tatu sasa, nimeona si vizuri kuchukua ushauri nikanyamaza.

Boksi la mbao la matunda nilikuwa nalo tangu enzi za genge. Fundi wa nguo wa mtaa wa pili alinipa mfuko mzima wa vipande bure, nikashona mito kwa mkono usiku mtoto akiwa amelala. Nilichonunua ni uzi na mita mbili za kitambaa cheusi, 7,000. Mfereji wa bati na kazi yake 18,000, ndoo nilizonazo. Gunia, kokoto na samadi 6,000. Imebaki 9,000.

Siku ya kwanza maharage yalibaki magumu. Nilipofuatilia niligundua sufuria ilikuwa nusu tu na mto wa juu nilikuwa nimeulaza bila kuubana. Siku ya pili nilijaza sawasawa nikabana, saa 7 mchana nilipofungua mwanangu mkubwa aliuliza nani amekuja kupika. Makande yamenishinda mara moja, mara ya pili nimerudisha motoni kama mama alivyosema na yameiva.

Mkaa kwa siku 21: 61,000. Kwa mwendo wa zamani ningekuwa nimefika karibu 90,000. Maharage tumekula mara tisa. Madonge ya chenga nimetengeneza 140, kundi la kwanza lilipasuka kwa sababu nililianika kwenye bati lenye moto mkali saa 6, la pili nimeanza kulianika kivulini siku moja kwanza, halijapasuka hata moja.

Mvua imenyesha mara mbili tu, ila mara ya pili nilifua nguo zote za mtoto. Povu lilijaa beseni mpaka majirani wakaja kutazama. Mchicha umefika kidole kimoja. Dodoki limetoa majani mawili.

Nina swali jipya. Jirani wa chumba cha mwisho anataka tuwe tunaweka sufuria yake na yangu kwenye boksi moja, moja juu ya nyingine, kwa sababu boksi ni refu. Itashika joto?

mshonaji_ngamiani

Itashika, tena zaidi ya moja peke yake, ila zote mbili ziingie zikitokota kwa wakati mmoja. Ya jirani ikichelewa hata robo saa utafungua boksi na utapoteza joto la yako. Pangeni saa ya kuwasha majiko pamoja. Kubwa iwe chini, mifuniko iwe bapa, na katikati yake weka kitambaa kilichokunjwa mara mbili ili ya juu isiteleze.